Turbo Mpya Kiboriloni

Nimenunua Subaru Forester yenye turbo, nami nakiri: Jumamosi niliipitisha sokoni Kiboriloni mara mbili, ilhali nilihitaji ndizi tu. Nimepanga kuiinua kwa springi ndefu, kubadili rimu na kufunga bomba la moshi lenye mngurumo. Mimi huyuhuyu hufundisha Azimio la Arusha la 1967 na kuwakejeli Wabenzi! Lakini Desemba, ndugu zetu wanaporejea mlimani kutoka Dar es Salaam, gari ndilo ripoti ya mwaka. Asiye nalo hukaa pembeni kikaoni hata akiwa na hoja. Desturi hiyo ninailaani, na bado nimeilipia. Mama muuza ndizi aliniuliza, "Mwalimu, usiku tukiwa na mgonjwa, hili litabeba watu wangapi?" Watano, nikajibu. Springi nitaweka, kwani masika njia zetu ni utelezi mtupu. Kuhusu bomba, mke wangu ameshakataa.