Mahindi ya Mbwa

Katika lugha ya masoko yetu kuna msemo unaonikera: "mahindi ya mbwa". Msemo huo hautaji aina ya mbegu. Ni gunia lililonyeshewa, likaota ukungu wa kijani, na mwenyewe hana moyo wa kulitupa. Basi huuzwa kwa bei rahisi kwa mwenye mbwa, naye huyasaga, husonga ugali, humwagia mchuzi wa dagaa, kisha hulala usingizi mnono.

Wapo wanaodai kwamba kosa ni mahindi yenyewe, eti mbwa ni mla nyama tu. Sikubaliani nao. Mbwa ameishi na wakulima kwa maelfu ya miaka, na mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kuwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Ugali mtupu haumtoshi, lakini ukitiwa dagaa au nyama humfaa.

Kosa ni ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Hushambulia ini: mbwa hukataa chakula, hutapika, macho na ufizi hugeuka manjano, kisha hufa. Hata Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, chakula cha kiwandani chenye mahindi ya namna hiyo kiliua mbwa wengi.

Na anayedhani sumu hiyo huchagua, akumbuke Kenya mwaka 2004. Huko Makueni, Kitui na jirani zake waliugua watu 317, wakafa 125, kwa mahindi waliyokula majumbani mwao. Ng'ombe naye akilishwa mahindi hayo, sumu hupenya hadi kwenye maziwa. Gunia halina macho: leo ni la mbwa, kesho njaa ikibisha hodi ni la mtoto.

Ndugu msomaji, mbwa hana mdomo wa kushitaki, ila hukulindia mlango usiku kucha. Mlishe mahindi, sina ugomvi; lakini yawe yale ambayo wewe mwenyewe ungeyala. Yaliyoota ukungu yafukiwe. Hasara ya gunia moja hulipika, ini likishaoza halina fundi.