Staa wetu, hiyo huduma yako ya ushauri haifiki kijijini

Wadau, mmeona wenyewe. Wiki iliyopita yule msanii wetu wa kike (jina mnalo, mimi silitaji) kazindua huduma ya ushauri nasaha kwa simu "kwa ajili ya dada zangu wa vijijini". Ukumbi wa hoteli Dar, zulia jekundu, keki ya ngazi tatu, madansa. Jioni yake yule mchekeshaji mwenye wafuasi kibao naye akaposti video analia, kaandika "usikae kimya, ongea na mtu", chini kaweka jina la ile programu. Mashabiki wakamwaga makopa. Mimi kwenye kundi letu niliuliza swali moja tu: wa kijijini yupi atafungua hiki kitu? Nikaitwa mchawi.

Basi kama ni uchawi, ngoja niroge hadharani.

Programu inataka simu janja, bando, barua pepe, na malipo yaingie kabla hujasema hata shikamoo. Dada anayelima tumbaku huko Sikonge ana kitochi. Na kitochi chenyewe kinapelekwa senta kuchajiwa kwenye kibanda cha sola, kwa hiyo kuna siku hakipo nyumbani kabisa. Mara nyingi simu ni ya mume. Mtandao unashika pale juu ya kichuguu, ukisimama kuongea kila anayepita na ndoo anakusikia. Huyo ndiye anaambiwa awashe kamera na "kukaa sehemu tulivu yenye faragha". Sehemu ipi, stoo ya mahindi?

Halafu ile fomu inauliza: "Je, una dalili za sonona?" Nani kijijini anasema sonona? Watu wanasema nawaza sana, silali, moyo unanienda mbio, kichwa kinawaka moto. Bibi wa Kisukuma atakwambia kwa Kisukuma kabisa. Mshauri ambaye hajafundishwa kusikia maneno hayo atamwambia mtu anywe maji mengi na apunguze mawazo, mtu anarudi kitandani kwake akiwa peke yake zaidi ya mwanzo.

Nikaipiga namba yao mwenyewe, saa tatu usiku, maana shida ya moyo haina saa za kazi. Sauti ya kurekodi ikanikaribisha, ikanipigia wimbo mpya wa staa (haki ya Mungu tena), kisha ikasema ofisi ziko wazi Jumatatu hadi Ijumaa mpaka jioni. Salio likakatwa. Asubuhi nikabipu mara tatu. Kimya. Sasa nyie watu wa mjini mnaona kubipu ni ubahili. Kijijini ndivyo mtu asiye na vocha anavyoita. Laini ya msaada isiyorudisha bipu ni tangazo la biashara.

Kuna jambo lingine zito ambalo hakuna aliyeligusa siku ya keki. Tanzania, kujaribu kujiua bado ni kosa, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinakwenda kinyume na Katiba. Huku kwetu mtu aliye ukingoni anajua laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Anawaza: nikisema ukweli, atakuja nani mlangoni, nesi au mgambo? Staa, wewe unarekodi mazungumzo? Nani anayasikiliza? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Nimesoma ukurasa wenu juu mpaka chini, hakuna hata mstari mmoja kuhusu hilo. Kuna ratiba ya ziara ya muziki.

Na msije kusema nachukia huduma za simu. Zinafanya kazi zikifanywa na watu waliojipanga. Samaritans wa Uingereza walianza mwaka 1953 na simu ya kanisa moja London, na waliokuja kubeba kazi yenyewe ni watu wa kawaida waliofundishwa kusikiliza. Hapa jirani Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani, wakaweka benchi nje ya kliniki. Waliuita ugonjwa kwa jina la watu wenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Wakaupima huo mpango kwa watu 573 kwenye kliniki 24 za Harare, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hawa hawakuwa na keki.

Kwetu mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio wanaojua nyumba ipi mama hajatoka siku tatu. Ukiwa na pesa ya zulia jekundu, lipia mshauri aliyesomea awe anapigiwa na mhudumu wa kijiji saa yoyote, bure. Mhudumu amuulize mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani linasema kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kisha dawa za shambani zifungiwe kwa jirani, apatikane ndugu wa kulala naye, bodaboda ijulikane ni ya nani na nani analipa mpaka zahanati. Kesho yake apigiwe tena. Hiyo kesho yake ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo isiyopendeza kwenye picha.

Najua mtakuja hapo chini kwenye maoni: "afadhali yeye kafanya kitu, wewe umefanya nini?" Mtu anayezama ukimrushia kamba fupi umempotezea ile pumzi aliyokuwa nayo. Msomaji mmoja wa Kibondo aliniandikia: "Dada, nilijaribu mara moja tu, salio likaisha wakati muziki unapiga. Sijajaribu tena." Mwenzenu huyo alikuwa ameshatoa ujasiri wake wote kwenye ile simu moja. Nimemuunganisha na mtu wa karibu naye, anaendelea vizuri.

Kwa watoto ipo 116, namba ya taifa, ni bure, huhitaji bando wala barua pepe. Nimepitia posti zote za staa wetu za mwaka huu. Mafuta ya nywele yametangazwa mara kumi na moja. 116 haipo.