Kosa si la Udongo

Katika mji wa Ujiji, kama katika miji mingine mingi ya Tanzania, limeota neno lisilo na haki. Nyumba ya saruji na bati huitwa nyumba ya kudumu. Nyumba ya udongo huitwa nyumba ya muda. Mwenye ile ya kwanza husifiwa kuwa ameendelea, na mwenye hii ya pili huhurumiwa kama mtu aliyeachwa nyuma na ulimwengu. Neno hilo husemwa na jirani, husemwa na mkopeshaji, na, jambo la kusikitisha zaidi, husemwa na watu waliosoma, ambao kazi yao ni kupima maneno kabla ya kuyapokea. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na ifunguliwe milango ya nyumba hizo mbili, adhuhuri ya mwezi wa Oktoba, ionekane ipi iliyo njema.

Ujiji iko karibu na nyuzi 5 kusini ya ikweta, kando ya ziwa lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya mji. Katika nchi ya namna hii adui wa kwanza wa nyumba ni joto liangukialo paa, kabla ya lile lipigalo ukuta. Bati tupu lisilo na dari hulipokea joto hilo na kulimimina vichwani mwa waliomo. Ukuta mwembamba wa saruji nao hauwezi kulizuia kwa muda mrefu. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimeta 40 una tabia nyingine. Hunywa joto polepole, hata linapokaribia kutokea upande wa ndani jua limekwisha kuchwa, na hewa ya usiku imekwisha kupoa. Madirisha yakifunguliwa saa hizo, ukuta hupoa mpaka alfajiri, ukawa tayari kwa siku nyingine. Hiyo ni kanuni ya maumbile, na yeyote mwenye kipimajoto anaweza kuithibitisha.

Wazee hawakuwa na kipimajoto, lakini walikuwa na ngozi zao, na ngozi ni mwalimu mkali. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, alieleza kuwa wawili hao waliketi juu ya baraza ya udongo, chini ya upenu mpana. Upenu ule haukuwa pambo. Ulikinga ukuta na jua na mvua kwa wakati mmoja, na kuifanya baraza kuwa chumba cha mchana kisichohitaji kuta. Mwembe uliopandwa uani ulifanya kazi ya dari ya pili. Leo upenu umekatwa ili kuokoa bati, mwembe umekatwa ili kupata nafasi, kisha mwenye nyumba hununua feni, na umeme ukikatika hulala nje.

Wapinzani wa udongo wana hoja, na si haki kuzificha. Wanasema kuwa mvua huula ukuta kutoka chini. Mchwa hula fito. Papasi hukaa katika nyufa na kuleta homa. Mbu hupenya kati ya ukuta na paa. Yote hayo ni kweli. Lakini ni makosa ya mjenzi, na udongo huhukumiwa kwa ajili yake. Ukuta uliosimama juu ya msingi wa mawe, chini ya upenu wa mita moja, hauliwi upesi na maji ya mvua. Matofali yaliyofyatuliwa hayana fito za mchwa. Ukuta uliosiribwa vizuri na sakafu isiyo na ufa havimpi papasi maficho, na wavu humzuia mbu. Hata bati halina ulazima wa kufukuzwa: likiwekewa dari chini yake, na njia ya hewa kati ya viwili hivyo, litakinga mvua bila kuchoma watu. Penye hofu ya maji ya ziwa, kama yalivyopanda mwaka 2020, udongo mtupu haufai, na mtetezi wake anapaswa kuwa wa kwanza kusema hivyo.

Kwa nini basi udongo hudharauliwa? Jibu limo katika lugha yenyewe. Saruji iliitwa udongo ulaya, na katika jina hilo neno la pili lilikuwa na thamani kuliko la kwanza. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alilalamika hadharani kuwa mapenzi ya saruji na bati yamekuwa ugonjwa wa fikira. Lakini mambo yakaendelea kama kwanza. Mfuko wa saruji utokao Wazo, Dar es Salaam, ambako kiwanda kilianza kazi mwaka 1966, husafiri zaidi ya kilometa 1,200 kufika Kigoma, na nauli hiyo yote hulipwa na mnunuzi. Chokaa yake imechomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa sehemu 7 au 8 katika kila 100 za hewa ukaa itokanayo na kazi za wanadamu. Tofali la kuchoma nalo hula kuni za vilima ambavyo vimekwisha kunyolewa vya kutosha. Udongo wa kiwanjani hausafiri wala hauchomwi.

Njia ya kati ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehimiza matofali ya kufungamana, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Lakini utafiti usiopata wanafunzi hufa makabatini. Chuo kimfundishacho mhandisi kukokotoa nguvu za zege, kisimfundishe kuujua udongo anaoukanyaga, kimemtoa na jicho moja. Na gharama ya upofu huo hailipwi na chuo. Hulipwa na muuza dagaa wa Ujiji, anayekopa miaka mitatu ili anunue joto, kwa sababu wenye elimu walimwambia kuwa hiyo ndiyo nyumba.