Baada ya Maswali, Nani Anabaki?

Kwa kijana wa leo, Mtabila ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT): mahali pa kuamshwa alfajiri kwa mchakamchaka kwenye baridi ya nyanda za juu za Kasulu. Kwa Mrundi aliyekulia huko, Mtabila ni jina la kambi iliyowahifadhi watu waliokimbia machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993. Kambi hiyo ilifungwa mwishoni mwa Desemba 2012. Katika miezi yake ya mwisho, watu wapatao 35,000 walirudishwa Burundi.

Kabla ya kufungwa, wakazi wake waliitwa kuhojiwa ili ijulikane nani bado anahitaji hifadhi. Waliokubaliwa hawakufika 3,000, nao wakahamishiwa kambi ya Nyarugusu. Katika mahojiano yale, maumivu yalikuwa na bei. Simulizi ya mateso ndiyo iliyokuwa ushahidi; aliyeweza kuisimulia ikaaminika alikuwa na nafasi ya kubaki, na ambaye ulimi ulimfunga kwa aibu au kwa hofu alikuwa katika hatari ya kupanda gari la kurudi.

Sasa mfikirie mtafiti wa kitabibu anayeingia kambini na dodoso la afya ya akili. Umewahi kuona mtu akiuawa? Unapata usingizi? Ndoto zinakusumbua? Maswali hayako mbali na yale ya afisa wa hifadhi. Utamwambia mkimbizi mara tatu kwamba majibu yake hayahusiani na hadhi yake ya ukimbizi, naye ataitikia kwa adabu huku akipiga hesabu zake. Mmoja atazidisha akitarajia msaada, mwingine ataficha asije akaitwa mwendawazimu. Ridhaa imetiwa saini, lakini imesainiwa mbele ya mtu anayedhaniwa ana mamlaka.

Je, basi tuache kabisa kufanya utafiti wa afya ya akili kambini? Wapo wanaosema hivyo, na hasira yao ina msingi: wakimbizi wamechoka kuhojiwa. Lakini kuacha ni kuwahukumu watibiwe kwa kubahatisha. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika mashariki ya Kongo miongoni mwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Tiba ya kikundi iliyoendeshwa na wasaidizi wa hukohuko, wasio madaktari, iliwapunguzia sonona na kiwewe kuliko msaada wa kawaida. Mbegu hiyo ilivuka Ziwa Tanganyika. Nyarugusu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Johns Hopkins waliendesha jaribio la awali lililoitwa Nguvu: vikao 8 kwa wanawake wa Kikongo waliopitia ukatili wa wenza wao, vikiongozwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo.

Lililo muhimu ni jinsi watafiti hao walivyoanza. Waliuliza kwanza watu wenyewe wanayaitaje maumivu yao, wakajibiwa: huzuni, msongo wa mawazo, hofu. Warundi nao wana ihahamuka na akabonge, maneno ambayo hayalingani moja kwa moja na jina lolote katika kitabu cha daktari. Muuguzi wa Kasulu anayezungumza Kiha, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kirundi, ana nafasi ya kuyasikia maneno hayo kabla hayajapita kwa mkalimani. Mtu huyo ndiye mwenye thamani kubwa kuliko wote katika utafiti wa aina hii.

Ndiye pia anayebebeshwa mzigo mzito zaidi. Mradi ukimwajiri, anavaa kofia mbili. Kama mtabibu, kazi yake ni kumsaidia aliye mbele yake sasa hivi. Kama mpimaji, anatakiwa afuate utaratibu: huyu kaangukia kundi la tiba, yule kundi la kulinganishwa, na bahati nasibu ndiyo iliyoamua. Mgonjwa haoni kofia ya pili. Anamwona muuguzi, anamwamini muuguzi. Na zahanati aliyotoka muuguzi huyo imebaki na pengo, kwa sababu posho ya mradi inashinda mshahara wa zahanati.

Watetezi watasema taratibu zipo, na ni kweli. Mtafiti wa afya nchini huhitaji idhini ya kimaadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia akiwa mgeni, na ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani ili aingie kambini. Lakini zote hizo ni nyaraka za kuingilia. Tunamkagua sana mtu langoni anapoingia, kisha hakuna anayemuuliza anapotoka ameacha nini. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka yapangwe mapema mambo ya tiba baada ya jaribio kwisha. Kambini "baada ya jaribio" si tarehe anayoipanga mtafiti. Mtabila ilifungwa kwa uamuzi wa serikali. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio ya tiba yalikatika njiani katika nchi kadhaa. Pote pawili aliyekuwa katikati ya matibabu hakuulizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: utafiti uendelee, ila kibali kitazame mlango wa kutokea. Kwanza, kundi la kulinganishwa lipate tiba ndani ya muda uliotajwa, na fedha zake zitengwe kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Pili, anayeuliza kuhusu kiwewe asiwe na uwezo wowote juu ya mgawo, makazi wala uhamisho wa mkimbizi, na jambo hilo lionekane kwa macho: ofisi nyingine, siku nyingine, sura nyingine. Tatu, mradi uwafundishe na kuwalipa wauguzi wa zahanati za Kasulu na Kibondo wakiwa bado kazini kwao, maana kijiji jirani nacho kina wagonjwa wake.

Masharti haya yatapunguza idadi ya tafiti. Na iwe hivyo. Tafiti chache zinazoacha mganga nyuma yake ni bora kuliko nyingi zinazoacha makala tu.

Sharti la nne ni dogo, nalo tunalijua tayari. Kila mama Tanzania ana kadi ya kliniki ya mtoto. Ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, na akihama, kadi inahama naye. Burundi ilipochafuka tena mwaka 2015, baadhi ya waliorudishwa kutoka Mtabila walivuka mpaka upya na kupokelewa katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Mgonjwa wa akili anastahili kuvuka na kadi ya namna hiyo: jina la dawa, kipimo, tarehe ya mwisho, aina ya ushauri aliopewa. Kisichostahili kuandikwa humo ni simulizi yake. Aliyekutwa na karatasi inayosema alichokiona, au inayomwita mwendawazimu, anaweza kulipia mpakani. Dawa isafiri kwenye karatasi; simulizi ibaki kwa mwenyewe, aitoe siku anayotaka, kwa anayemtaka, bila bei.