Aliyesema ukweli asifungiwe mlango



Jumamosi iliyopita tulisoma methali: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na asiyeficha anapata nini?" Mimi ni muuguzi, na swali hilo lilinirudisha Novemba 2021.

Tarehe 25 wanasayansi wa hapa Afrika Kusini walitangaza aina mpya ya kirusi cha korona. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likaipa jina Omikroni. Ndani ya siku chache Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi zikazuia wasafiri kutoka huku. Watalii wakafuta safari za Desemba, mwezi ambao hoteli na madereva wa watalii huutegemea. Wazazi mnakumbuka kazi zilivyokatika.

Baadaye Uholanzi ikaikuta Omikroni katika vipimo vya tarehe 19 na 23. Yaani ilikuwa imeshafika Ulaya kabla hatujatangaza. Desemba 15 Uingereza ikaondoa marufuku yake, maana kwao pia ilikuwa imeshaenea.

Ni kweli, maradhi hupanda ndege pamoja na abiria, na kupima wasafiri kunafaa. Lakini ukimwadhibu aliyetoa taarifa, unamfundisha jirani yake kunyamaza. Kwa maoni yangu, nchi inayotangaza mapema isaidiwe kubeba hasara, isiachwe peke yake.

Watoto, wiki hii waulizeni baba na mama: Desemba ile tuliishije? Andikeni mistari mitano kwa Kiswahili, mje nayo darasani.