Moyo wa Kijana Akimbiaye



Wako wazazi wanaowakataza watoto wao mpira na mbio kwa kuwa wamesikia ya kwamba mazoezi huumaliza moyo upesi, kana kwamba Mwenyezi Mungu ametujalia mapigo yaliyohesabiwa, na mwenye kukimbia huyatumia kabla ya wakati. Hesabu yenyewe yaonyesha kinyume. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kwa kawaida kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Moyo wa mkimbiaji aliyejizoeza kwa miaka huweza kupiga mara 50, hata 40 tu. Mapigo 20 yakipungua kila dakika, ni mapigo 28,800 kwa siku. Basi saa moja ya mbio, hata moyo ukipiga mara 110 zaidi kwa dakika, hula 6,600 tu ya akiba hiyo.

Sababu ni kwamba moyo ni msuli, nao hukua kwa kazi. Chumba chake hupanuka, ukuta wake hupata nguvu, na kila pigo hutoa damu nyingi zaidi. Hapo mwaka 1899 mganga mmoja wa Uswidi, Salomon Henschen wa Uppsala, aliwapima washindani wa kuteleza juu ya theluji kwa kugonga-gonga vifua vyao kwa vidole, kama mtu agongaye pipa ili ajue divai imefika wapi, akatambua ya kuwa mioyo yao ilikuwa mikubwa kuliko ya wengine. Vyombo vya siku hizi vimethibitisha neno lake. Moyo ukitulia husukuma yapata lita 5 za damu kwa dakika. Katika mbio kali kijana wa kawaida hufikia 20, na wakimbiaji mashuhuri hupita 30.

Mishipa nayo haikai bure. Mwili ukipumzika, misuli hupata yapata sehemu moja katika tano za damu. Katika mbio kali hupata zaidi ya nne katika tano, kwa maana mishipa ya tumbo hujibana na ile ya miguu hujifungua. (Ndiyo maana anayetoka kula bukari nyingi hukimbia vibaya, naye asimlaumu mwalimu.) Damu ipitapo kwa kasi, ngozi ya ndani ya mshipa hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki, nayo huulegeza mshipa upanuke. Kwa mazoezi ya miezi, mishipa huzidi kuwa laini, na midogo kabisa huongezeka ndani ya misuli.

Mbona basi wengine huanguka? Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, naye alikuwa na umri wa miaka 28, hakupona. Waganga walikuta ugonjwa unaounenepesha msuli wa moyo isivyo kawaida, ambao mara nyingi hurithiwa katika jamaa. Ndugu yetu Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi 2012, na moyo wake ulikaa dakika 78 pasipo kupiga vema. Yeye alipona, kwa kuwa watu waliusukuma moyo wake tangu pale uwanjani, na chombo cha umeme kikatumika mara nyingi.

Kijana akianguka hivyo kwetu, wengi hunong'ona jina la shangazi au la jirani, na jamaa huvunjika. Sisi twasema waziwazi: hilo ni dhambi dhidi ya jirani, tena huzuia dawa. Kwani kama ugonjwa ni wa kurithi, ndugu zake aliyekufa ndio wapaswao kupimwa, na wakati unapotea katika kutafuta mchawi. Huko Italia, tangu mwaka 1982, sheria huwataka washindani wapimwe moyo kwa chombo cha umeme kabla ya kushindana, na katika mkoa wa Veneto vifo vya namna hiyo vilipungua sana.

Chombo hicho hakipo kila mahali. Macho ya mzazi yapo. Kuzimia baada ya mbio, kijana akisimama ghafula, mara nyingi si hatari kubwa: damu imebaki miguuni, afadhali angalitembea kidogo kwanza. Lakini kuzimia katikati ya mbio, au kuumwa kifua akikimbia, au kuwa na ndugu aliyekufa ghafula akiwa kijana, hayo yataka daktari kabla ya mchezo mwingine. Mwenye homa asikimbie kabisa. Na mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe dispensari: koo lisilotibiwa huweza kuleta ugonjwa unaoharibu milango ya moyo, na penisilini huuzuia.

Akianguka kijana asiyeitika wala kuvuta pumzi vema, msimmwagie maji. Mmoja akimbilie msaada. Mwingine aweke mikono miwili katikati ya kifua chake, akandamize kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana mpaka msaada ufike. Mwuguzi wa dispensari aweza kuwafundisha wachezaji kazi hiyo kwa alasiri moja; timu za parokia zimwombe kabla ya michezo ya Pasaka.