Usimwage pisini ziwani

MAWIMBI YA TANGANYIKA
Na Amisi Bahati

Pisini ikigeuka kijani, wenye hoteli wetu wa Uvira hukimbilia moja kati ya mawili: kumwaga ndoo ya klorini, au kuwasha pampu na kuyatupa maji yote ziwani. Yote mawili nayapinga.

Klorini kwanza. Maji ya Tanganyika yana magadi, pH yake inakaribia 9. Ukijaza pisini kwa maji hayo, klorini hupoteza makali. Unamaliza ndoo nzima na asubuhi mwani bado umeng'ang'ania kuta. Shusha kwanza pH kwa asidi, kidogo kidogo, hadi 7.2 au 7.4. Asidi isikutane na klorini kwenye ndoo moja, moshi wake unaua. Kisha sugua kwa brashi ngumu, hasa ngazi na kona zenye kivuli, kwa kuwa ule utelezi ndio ngao ya mwani. Klorini itiwe jioni. Jua letu la mchana huila kabla haijafanya kazi. Chujio lifanye kazi usiku kucha, lisafishwe kila linapoziba. Maji yatapauka kama maziwa kabla ya kung'aa. Hadi uone sakafu ya upande wenye kina, mtoto asiingie. Wazazi wanamleta pisini wakikwepa mamba na viboko wa ziwani. Asije akazama humo bila mtu kumwona.

Kuhusu kumwaga: ziwa lilipanda 2021, likapanda tena 2024, na ufukweni maji ya ardhini yako karibu. Pisini tupu kwenye udongo uliolowa husukumwa kutoka chini. Sakafu hupasuka, hata beseni zima likainuka. Hiyo ni hasara ya mwenye hoteli. Hasara ya jirani ni nyingine: bomba la Regideso, shirika la maji, likikauka, mama huteremka ufukweni na bidoni la lita 20. Kipindupindu hakijauhama mji huu, na tumezoea kuwaona watu wa afya wamesimama pale na bomba la sindano, wakitia klorini bidoni moja moja, kwa kipimo. Wewe unamfungulia uchafu wa pisini nzima miguuni pake?

Ikibidi kupunguza maji, acha siku kadhaa klorini iishe juani, kisha uyamwage kidogo kidogo bustanini. Na meya aliandike hilo kwenye masharti ya leseni za hoteli.